Mwenye Kizuizi na Aseme

Uyole, Mbeya
5 Machi 2023

Dada Tekla,

Shikamoo. Natumaini wewe, shemeji Sifaeli na Blessing mko wazima. Huku tupo, mvua haijakata, na baridi ya Uyole unaijua. Dukani kwa Bwana Darshan wakulima wamejaa kutafuta dawa ya viazi, maana majani yanakauka wakiyaona. Nasimama kutwa nzima.

Mama amenifikishia ujumbe wako kwamba umeifungia namba yangu, na nikiwa na la kusema niandike. Sikukasirika. Najua nilizidi. Shemeji ana haki ya kula chakula bila simu kulia. Nilikuwa nakupigia kwa sababu ukinijibu napata nafuu, halafu nafuu inaisha hata simu sijairudisha mfukoni. Basi naandika. Bahasha nampa konda wa basi, ataiacha kwa yule mama lishe wa Ipogolo mnayefahamiana.

Jambo ni lile lile. Posa ya Happy imepokelewa, baba yake Mzee Gwakisa amefurahi, na kanisani tumeandikishwa. Matangazo ya ndoa yataanza baada ya Pasaka. Kila mtu anasema nimepata mke. Hata mimi nilisema hivyo, mpaka siku washenga waliporudi na jibu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikasikia ndani yangu: na kama humpendi? Tangu siku hiyo swali halijatoka.

Siku hizi nikimwona namkagua. Akicheka naangalia fizi zake, najiuliza kama mwanaume anayependa angeziona. Akinishika mkono nasikiliza kama moyo umeruka. Ukiruka nasema labda ni woga. Usiporuka nasema, umeona? Kanisani naangalia wanawake wengine makusudi, ili nijue kama kuna ninayempenda kuliko yeye. Nimemuuliza Yohane ninayefanya naye kazi. Nimemuuliza mchungaji. Nimemuuliza hata Happy mwenyewe kama anaona kwamba nampenda. Hana kosa, dada. Nimemtafutia kosa nikakosa.

Wewe umeolewa. Ulijuaje kwa shemeji? Ulikuwa na uhakika? Nijibu hilo tu, sitakusumbua tena.

Mdogo wako,
Gideoni


Ipogolo, Iringa
2 Aprili 2023

Mdogo wangu Gideoni,

Marahaba. Barua yako ilifika zamani, nilikuwa na mambo. Mama alikuja kutoka Ilula kuonyesha mguu hospitali, akakaa kidogo akarudi, anasema malori ya hapa Ipogolo yanamuumiza kichwa. Blessing anakusalimu. Shemeji yako yuko Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Mwaka huu vitunguu vyake haviishi kuvunwa.

Umetaka jibu, nakupa. Mtu anayependa hafanyi kazi yote hiyo. Kama unajiuliza asubuhi na jioni, ndani yako unajua, unachotafuta ni mtu wa kukupa ruhusa. Mimi nakupa. Mwache huyo binti kabla kanisa halijatangaza. Atalia, atanyamaza, ataolewa. Na usikubali mtu akwambie ni wasiwasi tu, omba, utazoea. Hakuna kuzoea.

Ya mimi na shemeji yako tuyaache.

Dada yako,
Tekla


Uyole
30 Aprili 2023

Dada Tekla,

Shikamoo. Pasaka yenu ilikuwaje? Huku tulikula vizuri, Mzee Gwakisa alichinja mbuzi, ila mimi nilikula kama mtu aliyelazimishwa.

Barua yako niliisoma nimesimama nyuma ya duka kwenye magunia ya mbolea. Nikasema, asante Mungu, kumbe ni hivyo, simpendi, nimepumzika. Niliuza dawa nikiimba. Ilipofika jioni nikaanza: na kama Tekla amekosea? Yeye hamjui Happy. Nikairudia barua, kila nikiirudia inasema jambo tofauti.

Nikamwendea Happy kwenye kibanda chake cha kushonea, pale sokoni. Alikuwa anashona sare za shule. Nikamwambia yote, na barua yako pia nikamwambia. Ndiyo, najua. Nisipomwambia naona kama namdanganya.

Alisimamisha cherehani. "Nimekukosea nini, Gideoni?"

"Hujanikosea."

"Kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna."

"Sasa tatizo nini?"

"Sijui kama nakupenda."

Akaniangalia. "Jumatatu ulisema unanipenda mpaka ukatokwa machozi. Leo hujui. Mimi nimfuate yupi kati ya hao wawili?"

Akasema ana mteja wake, muuguzi, ambaye alimwambia kuna ugonjwa wa namna hiyo. Mtu ananawa mikono iliyo safi, mwingine anarudi kukagua mlango aliokwisha kuufunga. Akasema twende hospitali wote wawili. Nikakasirika, nikamuuliza kama ananiona mwendawazimu.

Jumapili ndipo lilipotokea lenyewe. Mzee wa kanisa alisoma matangazo, Gideoni wa Ilula na Happy Gwakisa wa Uyole, kisha akasema kama wanavyosema siku zote, mwenye kujua kizuizi chochote na aseme. Dada, miguu yangu ilitaka kusimama. Mimi ndiye niliyetaka kuipinga ndoa yangu mwenyewe. Nilishika benchi kwa mikono miwili. Happy alikuwa upande wa kina mama, na aliniona nimelishika.

Jana nimemwomba mchungaji asimamishe matangazo mpaka nijue. Naomba unijibu kwa mara ya mwisho. Nimwache?

Gideoni


Ipogolo
9 Julai 2023

Gideoni,

Barua zako nimezipata, hii ya Aprili na mbili zilizofuata zinazouliza lile lile. Sikujibu kwa sababu nilikwisha kujibu. Unataka niandike mara ngapi?

Blessing aliumwa malaria, amepona. Nilikaa naye hospitali peke yangu. Shemeji yako simu yake ilikuwa haipatikani, anasema kule hakuna mtandao. Kuna watu wanauza vocha kule kule, lakini mtandao hakuna.

Hospitali ya nini wewe? Wakikosa sababu ya kukushika wanakwambia unaumwa. Nimeyasikia hayo kabla hujajua kunyoa ndevu. Mwache huyo binti. Usiponisikiliza usiniandikie tena habari zake.

Tekla


Uyole
26 Novemba 2023

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kimya muda mrefu, utanisamehe. Mvua zimeanza, watu wanalima, mimi bado niko kwa Bwana Darshan.

Nilikusikiliza. Mwezi wa nane nilikwenda na Yohane kwa Mzee Gwakisa kuvunja uchumba. Mzee hakunifokea. Aliuliza, "Binti yangu amefanya nini?"

Nikasema hajafanya kitu.

"Wewe umefanya nini?"

Nikasema sijafanya kitu.

Akakaa, akatazama miguu yake. "Kwa hiyo hakuna aliyefanya kitu, na mwanangu anaachwa."

Happy hakutoka chumbani. Tulipokuwa tunavaa viatu nilimsikia akikohoa mara moja.

Nilitoka pale mwepesi. Njiani nikanunua chipsi, nikala nimesimama, nikamwambia Yohane, umeona, nimepona. Sikuwa nimemaliza kula nikasikia ndani: na kama ulikuwa unampenda?

Ni swali lile lile, limegeuza shati tu. Nikaanza kupita kwenye kibanda chake ili nijue nitajisikiaje. Nikaanza kusoma jumbe zake za zamani. Nikaacha kula. Siku moja nikampa mkulima dawa ya kuua magugu badala ya dawa ya ukungu. Bwana Darshan akaiwahi mlangoni. Akaniita pembeni akasema, "Gideoni, wewe unaumwa. Nenda katibiwe, kazi yako ipo." Alivyosema yeye sikukasirika. Sijui kwa nini aliposema Happy nilikasirika.

Nimeonana na Daktari Masuma, mama wa Kihindi mzaliwa wa hapa hapa Mbeya. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akauliza, "Mlipokuwa pamoja mnacheka, ukasahau kujipima, ulikuwa unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Halafu?"

"Halafu nilikuwa nakumbuka kwamba sijajipima."

Akatikisa kichwa polepole. Akasema mtu mwenye shaka ya kawaida ana kitu cha kushika. Mchumba amesema uongo, amempiga, analewa, au wanataka maisha tofauti. Huyo anauliza, anajibiwa. Jibu likiwa zuri anatulia. Likiwa baya anaumia, lakini anajua la kufanya. "Wewe ukipewa jibu unaanza kulikagua jibu," akasema. "Ungemwoa, ugonjwa ungeuliza. Umemwacha, unauliza. Haukuwahi kuwa na shida na Happy." Akasema pia kwamba kila niliyemuuliza na akanijibu alikuwa anaulisha ugonjwa. Mchungaji, Yohane, Happy mwenyewe. Na wewe.

Wewe hukunijibu mimi, dada. Nimelijua hilo mwezi uliopita. Bwana Darshan alinituma na gari lake kupeleka mbegu za vitunguu Ruaha Mbuyuni. Shemeji Sifaeli alikuwa amekaa barazani kwenye nyumba ya bati jipya, kifua wazi. Mwanamke akamletea maji ya kunawa. Mtoto wa kiume, mkubwa kuliko Blessing, akamwita baba. Shemeji aliponiona alisema, "Karibu, Gide," kama tumekutana dukani.

Nadhani unajua. Nadhani ulijua wakati unaniandikia. Uliniambia nimwache mtu asiye na kosa kwa sababu wewe umeshindwa kumwacha mwenye kosa. Happy amelipia nyumba ya Ruaha Mbuyuni ambayo hajawahi kuiona.

Gideoni


Ipogolo
28 Januari 2024

Gideoni,

Kamwene. Blessing ameanza darasa la tano. Mama mguu umevimba tena. Hizo ndizo habari za nyumbani, zimeisha.

Ndiyo, najua. Nilijua kabla ya kuolewa. Wakati ule wewe ulikuwa bado mdogo, nitakueleza mara moja tu.

Sifaeli alipokuwa ananichumbia niliona kofia ya mtoto mchanga kwenye lori lake, na kanga iliyonuka maziwa. Nikamuuliza. Akasema ni vya mke wa kaka yake. Nikamuuliza kaka yake, akacheka, akasema Sifaeli ana bahati, amepata mke atakayemlinda kama polisi. Mara mbili alisema yuko Makambako, watu wakamwona Ruaha Mbuyuni. Nikaenda kwa mama. Nikamwambia, mama, huyu mwanaume ana nyumba nyingine.

Unajua mama alinijibu nini? "Usinianzie na wewe. Gideoni mmoja ananitosha."

Maana wewe ndiye uliyekuwa unarudi njiani kuangalia kama zizi la mbuzi umelifunga, ukifika shule ukaomba ruhusa urudi tena. Wewe ndiye uliyekuwa unarudia sala moja mpaka uji unapoa, unaogopa umekosea neno. Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia umefunga, umesali, kunywa uji. Nyumba nzima ilijua una wasiwasi ambao hauna kichwa wala miguu. Basi nilipokuja na kofia na kanga na watu walioona kwa macho yao, wakasema dada mtu naye ana wasiwasi wa mdogo wake, uko kwenye ukoo. Shangazi Evarista akaniletea waombaji. Waliniwekea mikono kichwani, mapepo ya mashaka yatoke. Nikaombewa, nikaolewa.

Sasa niambie. Ulipoandika kwamba una shaka, ulitaka nikwambie ni wasiwasi tu? Hayo maneno kinywani mwangu hayapiti. Niliapa hakuna wa tumbo la mama atakayeambiwa hivyo tena. Kumbe wewe ndiye uliyestahili kuambiwa hivyo, na mimi ndiye niliyestahili kusikilizwa. Tulipewa kila mmoja jibu la mwenzake.

Msamaha sikuombi. Mimi nani aliniomba?

Tekla


Uyole
21 Aprili 2024

Dada Tekla,

Shikamoo. Mama anasema umekonda. Mimi nanenepa, labda ni dawa. Bwana Darshan anakusalimu, anasema ukipita Mbeya ufike dukani.

Barua yako niliisoma mara moja nikaifungia. Daktari amenikataza kurudia rudia kusoma, lakini hata asingenikataza sidhani kama ningeirudia. Sikujua ya kofia. Sikujua kwamba wasiwasi wangu uliwahi kukufunga mdomo.

Sijapona kabisa. Swali bado linakuja. Naliacha lipite kama malori ya barabara kuu, silipungii mkono, silisimamishi kuuliza linakwenda wapi. Siku nyingine linapita. Siku nyingine linaegesha.

Nilikwenda kwa Happy. Nilimwambia ugonjwa una jina, natibiwa, na hakuwahi kuwa na kosa. Alisikiliza huku anatoa uzi kwenye kola.

"Hospitali nilikwambia mwaka jana," akasema.

"Ulisema."

"Ukamsikiliza dada yako."

"Nilimsikiliza."

"Nafurahi unatibiwa. Simaanishi vibaya, nafurahi kweli." Akakata uzi kwa meno. "Lakini nikirudi, kila nikicheka nitakuwa naangalia macho yako kama yananipima. Juzi shangazi yangu alinisifia gauni, nikaenda kwenye kioo kuangalia fizi. Mimi, Gideoni. Sikuwahi kujua kama nina fizi."

Nilitaka kumwambia nampenda. Ilikuwa mara ya kwanza nataka kulisema neno hilo bila kulichungulia ndani kwanza. Lakini alikuwa ameshainamia cherehani, na mteja alikuwa anangoja mlangoni.

Sikuulizi kama nisingekusikiliza mambo yangekuwaje. Nimekatazwa kuuliza, na wewe huna jibu. Na ya shemeji sikushauri lolote. Sitaki nikufanyie ulichonifanyia.

Gideoni


Ilula
11 Agosti 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Hapo juu utaona barua haikutoka Ipogolo. Mama hajambo, nyanya zimekubali, ila madalali wanatusumbua. Blessing amepata shule hapa, analalamika maji ya kuchota.

Mwezi wa tano Sifaeli alirudi nyumbani na gunia la vitunguu. Nikamtengea chakula. Alipoanza kula nikamuuliza, "Yule mtoto wa Ruaha Mbuyuni anaitwa nani?"

"Umeanza," akasema. "Wasiwasi kama mdogo wako."

"Mdogo wangu amepimwa," nikamwambia. "Yeye ana ugonjwa. Mimi nina mke mwenzangu."

Alitafuna mpaka akameza. Akasema, "Chumvi iko wapi?"

Nikamletea. Usifikiri nilimmwagia mchuzi, nilimletea chumvi, akanyunyiza, akamaliza, akanawa. Nimekuwa sahihi miaka yote hii, Gideoni, na kuwa sahihi hakujanisaidia kitu. Nilingoja Blessing amalize mitihani ya mwezi wa sita, nikafunga mabegi. Sifaeli alinisaidia kuyapandisha kwenye basi. Hakuuliza nitarudi lini.

Ya Happy nimeyasoma. Angekuwa wifi yangu. Nilimwamulia maisha yake kwa kalamu na hata sura yake siijui. Ukikutana naye usinisalimie kwake.

Nilipofika hapa mama alikuwa anaanika mahindi. Aliniona nashuka, akamwona Blessing, akaona mabegi. Akaja taratibu na mguu wake.

"Ni yale uliyoniambia?"

"Ni yale yale, mama."

Akapokea begi moja. Akasema, "Mimi nilidhani," akaishia hapo, akawa ananiangalia.

Sikumsaidia kumalizia.

Dada yako,
Tekla